Ngazi Tisini na Saba

Mama, nyumba yako bado imepanda mgongoni mwa jiwe,
Bugarika, juu, ambako maji ya bomba hufika yakiwa yamechoka.
Ngazi ni zile zile. Nimezihesabu upya:
tisini na saba, na ile iliyovunjika naihesabu pia,
maana mguu unaihesabu.

Ulikaa ya arobaini na moja.
Ulisema, "Nipumzike kidogo," ukaweka ndoo ya dagaa pembeni
kwa adabu, kama anayempisha mgeni.
Tukadhani uchovu.
Mwezi ulikuwa umekuaga zamani, kimya kimya,
wala hukututajia hata siku moja
kwa nini usiku ulilala sakafuni,
shavu kwenye saruji.

Sasa zamu yangu.
Moto hunianzia kifuani, hupanda shingoni, hufika masikioni
nikiwa Mwaloni nampimia mteja wa Kongo debe lake,
jasho linadondokea dagaa.
"Mama, una malaria?"
Namwambia ni jua.
Saa kumi na moja alfajiri, namwambia ni jua.

Usiku moyo unakimbia peke yake,
pu pu pu, kama injini ya mtumbwi iliyoachwa na nahodha.
Naamka kuushika, nashika khanga.
Mzee Sagenda ananipepea kwa kalenda ya mwaka juzi
na haulizi. Kutouliza kwake ndiko kunipa pole.

Nikapanda Bugando.
Daktari Kokuhumbya, mdogo kama mwanangu wa pili,
akafunga mlango, akasema: mficha uchi hazai.
Daktari, kuzaa kumeshaniaga,
sasa nafunua nini?
Akacheka. Nikacheka. Ndipo nikalia.

Nikamwambia: nipe hizo homoni.
Nasikia zinarudisha kilichoondoka.
Nipe kwa ajili ya moyo, maana mama alikaa ya arobaini na moja.

Akaweka kalamu chini.
"Kwa moto na usingizi, tutazungumza. Hujachelewa,
hedhi imekukatika mwaka na nusu tu;
ungenijia na miaka sabini ningekataa.
Lakini kwa moyo sikuuzii.
Moyo si kandili useme nitie mafuta.
Leta mkono."

Kipimo kikaubana mkono, kikashusha pumzi.
Mia sitini na nane kwa mia na mbili.
Mama, pengine ndiyo namba uliyokuwa umeibeba
juu ya ndoo,
na hakuna aliyekutua.

"Hii kwanza," akasema. "Homoni zisubiri nje, kwenye benchi."
Akauliza damu kuganda mguuni, uvimbe wa titi katika ukoo.
Akauliza chumvi.
Chumvi! Mimi ambaye hata noti zangu
ukizilamba utatafuta maji.

Miezi minne ya kidonge cha asubuhi,
ya ugali na mlenda usiokolea, Sagenda akinung'unika,
ya kutembea hadi Igogo na kurudi bila kununua kitu,
majirani wakidhani nadaiwa.
Namba ikashuka. Jana akanipa kibandiko,
kidogo kama stempu, nikakibandika chini ya kiuno
kama barua ambayo sijui itafika lini.
Nitarudi akanipime. Huenda akakibandua.

Leo nimekaa ya arobaini na moja. Kwa kusudi, mama.
Mawe yanarudisha jua yaliloficha mchana,
nayasikia chini ya mapaja,
joto kwa joto.
Ziwani, taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa hadi upeo.
Wewe ndiwe uliyenifundisha: mwezi ukiwa mpevu hawaingii majini,
dagaa hawaoni haja ya taa.
Kazi huanza mwezi ukishaondoka.
Ulinifundisha hilo, na la pili ukalala nalo sakafuni.

Naweka vidole viwili shingoni, nangoja.
Upo. Unakwenda. Haukimbii.
Zimebaki hamsini na sita,
na ile iliyovunjika iko mbele.